Masika Yakikufungia Ndani Tanga: Bao, Karata, Keram, Ukili au Hadithi?

Masika ya Tanga huanza Machi, hukolea Aprili na Mei, na katika wiki hizo kuna siku ambazo mvua hushika tangu alfajiri ikaenda mpaka usiku. Siku kama hiyo baraza za Ngamiani hubaki tupu, maana rasharasha inafika mpaka ukutani. Wavuvi wa Sahare na Tongoni hawatoki, bodaboda wamejibanza chini ya mapaa ya maduka, fundi ujenzi hana kazi, na watoto ambao njia yao ya shule imejaa maji wako nyumbani. Wote hao wanajikuta ukumbini, na kutwa iko mbele yao.

Hapa nalinganisha mambo ambayo nyumba ya kawaida ya Tanga inaweza kuyapata bila gharama kubwa. Nyumba ninayoifikiria ni ile ya ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma, bati juu, na pengine wapangaji wa familia tatu au nne. Nina upande wangu katika jambo hili na nitausema waziwazi.

Wengi huchagua kwa kuuliza kipi kinafurahisha zaidi. Mimi nauliza kwanza kipi kinavumilia kukatishwa. Siku ya mvua haikai nzima. Ndoo iliyokinga tundu la bati imejaa, lazima imwagwe. Maji yanatambaa kutoka mlango wa uani, mtu ainuke na fagio. Nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya ukumbini hazikauki, zigeuzwe. Jirani anabisha hodi kuomba kaa la moto. Mchezo unaodai watu wanne wakae kimya saa mbili bila kuinuka ni mchezo wa kiangazi, hata uwe mtamu namna gani.

Baada ya hapo nauliza mambo mengine manne: kelele za bati, mwanga, unyevu, na idadi ya watu. Kelele za bati husahaulika sana. Mvua ikipiga kwa nguvu juu ya bati lisilo na dari, mtu aliye kando yako lazima apige kelele ndipo umsikie. Saa hiyo hadithi haisemeki, redio haisikiki, na ugomvi mdogo wa mchezo unageuka mkubwa kwa sababu kila mtu anapaza sauti. Nyumba ya makuti haina shida hiyo, ila ina zake.

Bao

Kwa mvua kubwa ya mchana, hakuna kinacholishinda bao. Halihitaji maneno. Wachezaji wawili wanaweza kukaa chini ya bati linalonguruma wakaelewana kwa macho na mikono peke yake. Mwanga mdogo wa ukumbini unatosha, kwa sababu mchezaji aliyezoea anazijua kete kwa vidole kabla hajazitazama. Unyevu hauli mbao ngumu wala komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete.

Kwa asiyelijua vizuri: bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mwanzoni anaweka 10 tu ubaoni, yaani 6 ndani ya shimo kuu la safu ya mbele, liitwalo nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Kete 22 zinabaki mkononi. Hatua ya kwanza ni namua, ambapo unaingiza kete moja kila zamu. Zikiisha za mkononi mnaingia mtaji, na sasa unachota shimo lenye kete mbili au zaidi na kuzisambaza. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, au ukikosa shimo lenye kete mbili, umeshindwa.

Kuhusu kukatishwa, bao linavumilia kuliko watu wanavyodhani. Kete zimelala ndani ya mashimo, haziendi popote. Sharti liwe moja tu: mtu asiinuke katikati ya zamu. Amalize kusambaza, kete itue, ndipo aende kwenye ndoo yake. Wekeni kizibo cha soda upande wa mwenye zamu ili mkirudi msibishane. Hatari iliyobaki ni mtoto anayetambaa. Huyo akifika ubaoni hakuna sharti linalomzuia, kwa hiyo bao liwekwe juu ya stuli na si mkekani.

Ubaya wake ni idadi. Wanacheza wawili, na katika nyumba ya watoto sita, wanne wanabaki kusukumana. Tena bao kamili halijifunzwi mchana mmoja. Namua ina masharti mengi ya lini unakula kete za mwenzako, lini unatakata, yaani kusambaza bila kula, lini nyumba inasafiri, yaani kete zake zinasambazwa, na lini inatulia, na anayeanza hukata tamaa. Kwa watoto anzeni na bao la kujifunza: kete zote 64 zinagawanywa mbilimbili katika mashimo yote 32, na mchezo unaanza moja kwa moja kwa kuchota na kusambaza. Mtoto wa miaka saba analiweza. Kufikia mwisho wa masika yuko tayari kuambiwa nyumba ni nini.

Msifikiri lazima muwe na bao la mninga la kuchongwa. Chukueni trei mbili za mayai, zile za mayai 30 zenye safu 5 kwa 6. Katika kila trei kateni kipande cha vishimo 4 kwa 4, viunganisheni kwa gundi au uzi, mmepata mashimo 32. Kete ziwe mbegu za ubuyu, ambazo kila nyumba ya Tanga yenye watoto inazo. Trei ya karatasi italegea kwa unyevu baada ya muda, lakini mvua ya wiki nzima inaivumilia.

Na kuna jambo jingine linalonifanya nilipende bao la ndani. Barazani bao ni la wanaume zaidi. Msichana anayepita hasimami kutazama, achilia mbali kukaa. Mvua ikiliingiza bao ukumbini, binti yuko pale pale, shangazi yuko pale pale, na babu hana mwingine wa kucheza naye. Wasichana wengi wanaweza kulijua bao kwa njia hiyo, na ningependa kila nyumba iitumie nafasi hiyo kwa makusudi. Babu amwite mjukuu wake wa kike amwambie, "Njoo mama, kaa hapa, nikufundishe kunamua."

Keram na drafti

Keram ni mchezo mzuri ulio na msimu mbaya. Ubao wake ni plaiwudi, na plaiwudi inakunywa unyevu. Katikati ya Mei kete hazitelezi tena: unapiga, zinajikokota, zinasimama nusu njia. Poda inasaidia dakika chache, kisha nayo inashika maji na kuwa utando. Ubao ukishavimba kona moja, kete zote 19, yaani nyeusi 9, nyeupe 9 na malkia mwekundu, zinaelekea upande mmoja hata usipopiga.

Halafu kuna nafasi. Keram inataka stuli katikati na watu wanne kuizunguka. Ukumbi wa nyumba zetu ni njia ya kila mpangaji kwenda uani, bafuni na jikoni. Kila anayepita na ndoo anagusa ubao, na keram ikiguswa mchezo umekufa, maana hakuna anayekumbuka kila kete ilikuwa wapi. Kwa kipimo changu cha kukatishwa, keram ni ya mwisho. Mwenye sebule kubwa kavu Raskazone anaweza kuwa na maoni tofauti, naye ana haki.

Drafti ni afadhali. Kipande cha boksi chenye miraba 64 iliyochorwa kwa kalamu, vizibo 24, kumi na viwili vimetazama juu na kumi na viwili vimepinduliwa, basi. Anayejua na asiyejua wanaanza pamoja baada ya maelezo mafupi. Haina kina cha bao, na wachezaji wawili wenye nguvu sawa hujikuta wanafukuzana na kingi zao bila mwisho, lakini kwa watoto wa umri wa shule ya msingi inatosha kabisa. Ina faida nyingine kwa nyumba ambazo wazee hawataki karata, na nyumba hizo zipo nyingi.

Karata

Hilo la wazee niliseme kwanza. Kuna nyumba za Tanga ambazo karata haziingii, kwa sababu zinafungamana na kamari katika fikra za wenye nyumba. Kama baba au bibi hapendi, mvua si sababu ya kumvunjia heshima. Chukueni drafti. Na pale zinaporuhusiwa, pesa zisiwepo, hata shilingi mia. Siku ya mvua ni siku ambayo watu wengi hawakuingiza kitu, na kumla jirani pesa ya mboga kwa turufu ni jambo baya.

Pasipo pesa, karata ndizo bora kwa jioni. Mchezo wa sitini na moja, ambao wazee wanauita wahedi wa sitini, unafaa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, mwenzako akiwa mkabala wako. Ree (A) ina pointi 11, saba ina 10, mfalme (K) 4, ghulamu (J) 3, bibi (Q) 2. Kila rangi inatoa 30, rangi nne zinatoa 120, kwa hiyo upande unaofika 61 umeshinda. Watoto wanaohesabu mafungu yao mwisho wa kila mkono wanafanya hesabu za kujumlisha usiku mzima bila kuambiwa ni hesabu.

Ufupi wa kila mkono ndio unaozipa karata alama nzuri kwenye kukatishwa. Mkono mmoja ni dakika chache. Ndoo inasubiri, mkono unaisha, mtu anainuka, mwingine anachanganya. Ikibidi kuinuka ghafla, karata zinafunikwa kifudifudi na kuwekewa kikombe juu.

Kwa mwanga, taa ndogo ya sola katikati inawatosha wanne. Na mbu, ambao masika yanawaleta kwa wingi, wanaweza kukwepwa kwa njia ambayo bao na keram haziiwezi: watoto wawili au watatu wanacheza wakiwa ndani ya chandarua. Shida ni unyevu. Karata za karatasi tupu hugandana na kupinda, na baada ya muda kila mtu anaijua ree ya kopa kwa kona yake iliyovimba. Nunueni zilizopakwa plastiki tangu mwanzo.

Ukili

Hapa ndipo upande wangu unapolemea. Ukiwa peke yako ndani, au mkiwa wanawake wawili watatu mnaotaka kuongea huku mikono ikifanya kazi, kusuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, kunayashinda yote niliyoyataja.

Kwanza kukatishwa. Ukili hauna mwenzako anayesubiri, hauna zamu, hauna kushinda wala kushindwa. Unauacha chane, vile vipande vyembamba vya majani, zikiwa zimening'inia, unakwenda kumwaga ndoo, unanyonyesha, unapika, unarudi unashika palepale ulipoacha. Unaweza kuurudia kesho au wiki ijayo. Bandu bandu huisha gogo, na mkeka ni hivyo hivyo: shibiri moja asubuhi, shibiri moja baada ya adhuhuri, na ukili unaongezeka pima kwa pima huku ukikunjwa duara pembeni.

Pili unyevu. Kile kinachoiua keram ndicho kinachousaidia ukili. Ukindu, yaani majani ya mkindu, ukiwa mkavu unavunjika ukikunjwa, ndiyo maana msusi wa kiangazi hunyunyizia chane maji au kuzifunga kwenye kitambaa kibichi. Masika hewa yenyewe inafanya kazi hiyo. Chane zinalegea, zinakunjika bila kupasuka, na ukili unatoka umeshikana.

Lakini kuna sharti, na asiyelijua ataharibikiwa. Ukindu lazima uwe umechumwa, umeanikwa na kukauka kabla mvua hazijaanza. Makuti mabichi ya mkindu hayawezi kukaushwa Aprili. Yatashika ukungu, yatapata madoa meusi, na rangi haitashika vizuri. Kadhalika kutia rangi: kuchemsha rangi kunawezekana siku ya mvua, ila kukausha chane baada ya kuchemsha hakuwezekani. Kwa hiyo anayetaka masika ya ukili ajiandae Februari, wakati jua la kaskazi bado kali. Chane zilizokauka na kutiwa rangi zikunjwe kwenye kanga, zining'inizwe juu ndani ya chumba, zisiwekwe sakafuni.

Aliyechelewa anunue zilizo tayari sokoni, na achague kwa kukunja moja mbele ya muuzaji. Ikivunjika kama njiti bado inaweza kulainishwa. Ikinuka ukungu aiache. Ukindu ni laini, ni wa mikeka ya kulalia na misala. Miyaa, majani ya mti mwingine wa jamii ya mkindu, ni migumu zaidi, ni ya majamvi, makanda na vikapu. Anayejifunza aanze na miyaa, maana chane zake ni pana na makosa yanaonekana, kisha aende kwenye ukindu.

Mwanga unagawanyika. Ukili mweupe unasukwa hata gizani na mwenye uzoefu, vidole vinahesabu vyenyewe. Ukili wa rangi unataka mchana, kwa sababu chane ya zambarau na ya kijani hufanana chini ya kibatari, na kosa la rangi huonekana asubuhi ukili ukiwa umeshakwenda mbele.

Na mwisho wa mvua una kitu mkononi. Siwezi kulipuuza hili katika mji ambao watu wengi wanakula cha siku. Fundi ambaye mvua imemzuia wiki nzima amepoteza wiki. Mwenzake wa nyumbani aliyesuka ukili wiki hiyo hiyo ana kitu cha kushona na kuuza, au angalau mkeka mpya wa kulalia watoto. Michezo ina thamani yake, nayo ni furaha na ukaribu, lakini haiwezi kudai hilo.

Kudarizi kofia kungeweza kuingia hapa, ila sikupendekezi kwa masika. Kitambaa cheupe, mikono yenye unyevu, ukumbi wenye giza, vitobo vidogo vya kutazamwa kwa karibu: macho yataumia na kitambaa kitashika madoa. Kofia zingojee jua.

Hadithi na vitendawili

Havihitaji chochote: si taa, si ubao, si nafasi. Chini ya chandarua, gizani, umeme umekatika, hakuna kinachovishinda. Vina adui mmoja, ambaye ni lile bati. Kwa hiyo vipangieni saa. Mvua ikipungua ikawa ya manyunyu, hasa baada ya isha, ndipo bibi aanze. Nyumba za makuti zinaweza kuanza mchana.

Kati ya viwili hivyo, vitendawili vinavumilia kukatishwa kuliko hadithi. Hadithi ikikatwa katikati na mtu anayetafuta ndala zake, utamu umemwagika. Kitendawili ni cha nusu dakika. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia mibani." Watoto wanabahatisha, wanashindwa, na bibi anadai, "Nipeni mji." Mmoja anampa Pangani. Bibi anaukataa, anataka mkubwa zaidi. Wanampa Mombasa. Anakwenda Mombasa, anawasimulia alichokula huko na nani alimpokea, kisha ndiyo anawapa nanasi lao. Kule kwenda mjini ndiko kunakofanya mchezo urefuke, na bibi mwenye ulimi anaweza kumaliza usiku kwa vitendawili vitano.

Ushauri wangu kwa wazazi wadogo ambao hawana bibi ndani ya nyumba: msione haya kuwaita wapangaji wenzenu wazee. Mama mtu mzima wa chumba cha mwisho anayekaa peke yake na mvua yake pengine anajua vitendawili ambavyo watoto wenu hawatavisikia penginepo.

Simu na redio

Simu inafanya kila kitu, na hilo ndilo tatizo lake siku ya mvua. Ukumbi wa watu wanane unakuwa vyumba vinane. Lakini sababu yangu kubwa ni ya chaji. Mvua kubwa na kukatika kwa umeme huenda pamoja, na simu iliyomaliza betri kwa video saa nane mchana haitapiga usiku mtoto akipandwa na homa au maji yakipanda. Chaji iwekwe kwa ajili hiyo na kwa tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Redio ya betri ni nzuri kwa kazi hiyo hiyo. Kwa burudani, bati litaifunika.

Nyumba yako ni ipi?

Mko wawili au watatu watu wazima, bati juu, mchana: bao. Sina shaka hata kidogo.

Watoto wengi wa rika mbalimbali: wakubwa wawape wadogo bao la kujifunza kwenye trei na drafti kwenye boksi, michezo yote miwili kwa wakati mmoja, halafu washindi wabadilishane. Hilo linawapunguza wale wanne waliobaki kusukumana. Jioni karata kama zinaruhusiwa, usiku vitendawili.

Uko peke yako, au una mtoto mchanga: ukili. Mama anayelea hawezi kuahidi dakika tano mfululizo kwa mtu yeyote, na ukili haumdai.

Mgonjwa aliyelala au mzee asiyeona vizuri: asiachwe pembeni akisikiliza wengine wakicheza. Huyu ndiye apewe usukani wa vitendawili, na kama vidole bado vina nguvu, kete za bao anaweza kuzisoma kwa kugusa.

Kundi la vijana wa kiume ambao wangekuwa kijiweni: karata za wawili wawili, na kahawa. Kahawa yenyewe inahitaji tahadhari. Mvua inafanya watu waingize jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Jiko likae penye upepo, karibu na mlango wa uani ulio wazi, hata kama rasharasha itaingia. Na lisilale chumbani na watu kwa hali yoyote.

Kwa ndugu waliofungiwa na theluji

Tuna ndugu nchi za baridi ambao hufungiwa ndani na kitu kingine. Dhoruba ya Krismasi ya mwaka 2022 kule Buffalo, New York, ilizuia watu kutoka majumbani kwa siku kadhaa na ikaua watu kwa makumi. Ulinganisho wangu kwao unageuka karibu wote. Theluji haipigi bati, nyumba iko kimya, kwa hiyo hadithi zinafaa kutwa nzima. Hewa ya nyumba inayopashwa joto ni kavu, kwa hiyo keram inateleza vizuri na karata hazigandani, ila ukindu uliotumwa kutoka Tanga utavunjika vidoleni usipofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Kukatishwa nako ni kuchache, maana hakuna ndoo za kumwaga, na bao kamili linaweza kuchezwa mchana kutwa.

Desemba na Januari Tanga iko mbele ya New York kwa saa 8. Bibi akimaliza isha na kukaa vizuri saa mbili usiku, wajukuu wa kule wako saa sita mchana, theluji imeziba mlango, hawana pa kwenda. Kama umeme na intaneti viko sawa, huo ni wakati mzuri wa kumpigia na kuomba vitendawili. Kwetu huo ni msimu wa kaskazi, mkavu kuliko masika, bati mara nyingi liko kimya, na bibi atasikika.

Kabla mvua hazijashika

Ukindu ukauke Februari. Karata ziingie kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na fungu la mchele mkavu lililofungwa kwenye kitambaa ili linyonye unyevu. Keram itundikwe ukutani kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na mvua, isiegemezwe sakafuni, kama mnataka iwe na maisha baada ya Juni. Taa za sola zianze kuwekwa juani mapema, kwa sababu katika siku tatu za wingu hazitashiba. Kete za bao zihesabiwe kila mchezo unapokwisha: 64. Ikipungua moja, tafuteni kwanza chini ya mkeka na kwenye mfuko wa mtoto, kisha mjazie kwa mbegu ya ubuyu.